Kasoro Tisa za Mwanamke wa Tamtoc

Mwezi uliopita nililetewa bahasha kutoka Meksiko. Ilikuwa nene, imezungushiwa gundi na mtu asiyeiamini posta hata kidogo. Ndani mlikuwa na barua fupi, picha moja, na nakala ya karatasi ambayo niliitambua kabla hata sijavaa miwani, kwa sababu mwandiko ulikuwa wangu. Barua ilitoka kwa binti wa Ofelia. Mama yake amefariki, aliandika, hakuumwa muda mrefu, na kabla ya kufa aliagiza nitafutwe popote nilipo nipewe vitu hivi. Nilikaa kwenye kochi mpaka chai yangu ikapoa, nalia, nacheka, nalia tena. Juu ya ile karatasi, kwa herufi kubwa za msichana aliyejiona anajua kila kitu duniani, nilikuwa nimeandika neno moja na kulipigia mistari miwili: KASORO.

Jinsi nilivyofika Guangzhou, Uchina, sitaeleza, maana kila mtu wa Kariakoo ana hadithi yake ya namna hiyo na zote zinafanana. Nataka kueleza mwaka mmoja tu, 1998. Siku hizi naambiwa pale Xiaobei, mtaa wa Dengfeng, ukitema mate yanamwangukia Mwafrika: maduka yetu, migahawa yetu, vibanda vya simu vyetu. Enzi zangu tulikuwa wa kuhesabika, na ukitaka pilau unapika mwenyewe. Kazi yangu ilikuwa kukagua mzigo. Wafanyabiashara wa nyumbani walikuja, wakachagua viatu na nguo kule Zhanxi karibu na stesheni ya treni, wakarudi zao, na mimi nikabaki kuhakikisha kwamba kinachoingia kwenye kontena ndicho walichokiona kwa macho yao. Nilikuwa na miaka ishirini na sita, ulimi mkali, na utaratibu wangu ambao sikufundishwa na mtu. Kila sampuli niliichora kwenye karatasi, mbele na nyuma, nikaipima kwa futi ya fundi cherehani, nikaipa kila kasoro namba na maelezo mafupi ya Kiingereza, kisha nikabandika ushahidi kwa selotepu: uzi uliochomoka, rangi iliyobanduka, tone la gundi lililovuja. Laoban, yaani bosi wa kiwanda, ukimwambia kwa mdomo tu kwamba rangi inabanduka atakujibu “meiyou”, hakuna kitu kama hicho, hata kama rangi yenyewe imekuganda vidoleni. Ukimwonyesha imebandikwa kwenye karatasi, ananyamaza. Niliringa kwa karatasi zile. Yarabi, niliringa!

Tulikuwa wapangaji watatu ghorofa ya nne, jiko moja, choo kimoja, na kuta za mbao nyembamba kiasi kwamba mwenzako akigeuka kitandani unajua amegeukia upande gani. Mwenye nyumba tulimwita Ayi, ndivyo unavyomwita mwanamke wa umri wa mama yako mdogo. Alikaa chini, lakini kutwa alishinda jikoni kwetu akichambua mboga na kuzungumza na dada yake kwenye simu kwa sauti ya ugomvi. Miezi sita niliamini wamekosana. Kumbe walikuwa wakiulizana wamekula nini. Chumba cha mwanzo alikaa Papa Kalenga, mfanyabiashara wa Lubumbashi, mtu mnene mpole aliyewahi kuwa mwalimu, anayevaa tai hata akienda kununua vitunguu. Chumba cha katikati kilikuwa changu. Cha mwisho kilikaa kitupu mpaka siku moja ya mvua za mwezi wa tatu, alipopandisha ngazi mwanamke mfupi mwenye nywele nyeusi za kusuka misokoto miwili, mkoba mmoja mgongoni na mwingine ameukumbatia kifuani. Ndiye Ofelia. Ule wa kifuani hakumruhusu Ayi hata kuugusa.

Tulijuana kwa sababu ya ugali. Siku ya pili yake nilikuwa nasonga, nimekaza mwiko, mara nasikia mtu amesimama nyuma yangu ananusa. Akauliza kwa Kiingereza cha kuungaunga kama changu, “Mahindi?” Nikamwambia ndiyo, mahindi. Akachota kidole kimoja bila kuombwa, akaonja, akafumba macho, kisha akasema chumvi umesahau. “Ugali hautiwi chumvi, dada!” nikamwambia, basi kwenu mnaharibu chakula. Akacheka mpaka akashika meza. Tangu hapo tukawa tunapika pamoja. Yeye aliyachemsha mahindi kwa chokaa, chokaa ile ile ambayo kwetu mabibi wanakula na tambuu, akayasaga kwenye kinu cha Ayi cha kusagia maharage ya soya, akayafunga kwa majani ya mgomba na kuku na pilipili ya kutoa machozi. Kwao hupika kwa nguruwe, lakini nilipomweleza kwamba mimi ni Mwislamu alinunua sufuria mpya akaitenga, na Ayi akakatazwa kuisogelea. Papa Kalenga alikula mafungu matatu akatangaza, “Hii ni mambo ya mbinguni, vraiment.” Ayi akasema ni ule wali wao wa kufunga kwa majani, ila umekosewa.

Ofelia alitumwa na tajiri mmoja wa mji wa bandari kwao, anunue mikoba na vitu vya watoto kuchezea. Kazi hiyo hakuipenda. Alichopenda kuzungumza ni Tamtoc. Mimi nilidhani ni jina la kijiji chake, kumbe ni mji wa kale, umelala kwenye kona ya mto, mashamba ya miwa na malisho ya ng’ombe yamewazunguka wafu wake. Waliujenga Wawasteki, watu wa bibi zake, kabla Mzungu hajaota kwamba kuna bahari ya upande ule. Alinieleza kidogo kidogo, tukimenya vitunguu, na mimi ambaye shuleni somo la historia lilinilaza usingizi nikajikuta nauliza kama mpelelezi. Nyumba zao zilikuwaje? Za duara. Na mahekalu? Ya duara pia, vilima vikubwa vya udongo na mawe visivyo na pembe. Kwa nini hawakutaka pembe? Akapandisha mabega: wengine wanasema kwa ajili ya upepo, upepo usikwame. Na rangi nyeusi waliipata wapi? Lami, akasema, kwao lami inatoka ardhini yenyewe, inachemka kama uji. Walichorea vyombo, na wanawake waliitafuna kusafisha meno. Hapo Papa Kalenga akaweka kijiko chini, akauliza, “Lami? Ile ya barabara?” Tukacheka, lakini usiku wa kuamkia kesho yake nililala nikiwafikiria wanawake wenye lami mdomoni, wanatembea katika mji usio na kona, na sikumbuki kama kuna kitu kingine mwaka ule kilichoniingia kichwani namna ile.

Kila alfajiri nilipoamka kuswali nilimsikia nyuma ya ubao akizungumza na mtu. Hakikuwa Kihispania, Kihispania nilishakizoea kwa kumsikia akitukana simu. Lugha hii ilikuwa ya chini chini, na ilikuwa na vituo, kama anayeuliza kisha anangoja jibu. Nikajisemea ni sala. Sikumuuliza, maana hata mimi nisingependa kuulizwa.

Siku moja ya Jumapili, mwezi wa tano, alinigongea akaingia na ule mkoba wake wa kifuani. Akafunga mlango. Akafungua mkoba, akafungua kitambaa, na kitambaa cha pili, akaweka mezani pangu mwanamke wa udongo, kimo chake kama kiganja na vidole. Alikuwa amesimama wima, mikono tumboni, kichwani kofia ya kuchongoka, macho mawili membamba, mdomo wazi kidogo. “Zuhura,” akaniambia, “wewe unajua viwanda. Nataka nitengenezewe mwingine kama huyu. Huyu ni wa mama yangu.” Nikamuuliza nani alimfinyanga. Akatazama dirishani akajibu kwamba ni mtu wa kwao, zamani kidogo. Nikamwambia niachie, dada, umefika kwa mwenyewe. Akatoka kwenda kununua majani ya mgomba, na mimi nikavuta kiti, nikachukua kalamu, futi, pini na selotepu.

Wallahi, nilifurahia kazi ile. Kasoro ya kwanza, ufa wa bega la kushoto. Ya pili, kofia imeinama. Ya tatu, macho hayalingani, la kulia liko juu. Ya nne, mistari myeusi tumboni imekwaruzika; nikabandua gamba kwa ukucha, nikalibandika. Ya tano, kidole kimoja hakipo. Ya sita, udongo mkavu masikioni na kwenye mikunjo ya nguo. Nikauchokoa kwa pini, nikabandika ushahidi wake. Ya saba, mdomo wazi, vumbi litaingia, uzibwe. Na humo ndani nikakuta punje kavu ya hindi, nikasema watu bwana, yaani hata kwenye sanamu wanaacha makombo, nikaitoa nayo nikaibandika. Ya nane, hasimami sawasawa, anayumba. Ya tisa niliandika: uso hauna furaha. Nilipomaliza nikamfunga vitambaa vyake vyote viwili kama nilivyomkuta. Ofelia aliporudi nikampa karatasi aweke sahihi chini. Akaweka bila kusoma, akanibusu shavuni.

Kesho yake tulipanda basi kwenda Foshan, upande wa wafinyanzi, ambako kila ua una tanuri na kila tanuri lina laoban wake. Wetu alikuwa Bwana Huang, mzee mwembamba mwenye udongo kwenye nyusi. Alimpokea yule mwanamke kwa mikono miwili, akamsogeza kwenye mwanga wa dirisha mbali nasi, akamgeuza polepole, akasema neno ambalo karani wake wa kike alitufasiria kwamba ni “mzuri, mzito”. Kisha nikampa karatasi. Karani akamsomea kwa Kichina namba moja mpaka tisa na kila moja akaitikia kwa kichwa. Akaniuliza, haya yote yarekebishwe? Nikasema yote, laoban, sipokei kitu chenye kasoro. Hawatengenezi kimoja, akasema, kuanzia katoni moja; Ofelia akakubali, akaniuliza kwa macho kama ni sawa, nami nikamjibu kwa kichwa kwamba ni sawa. Turudi baada ya siku kumi. Mpaka leo nikikumbuka kile kichwa changu kinavyotikisika napata hasira. Miaka mitatu nilikuwa nakagua pia sahani na vikombe, nilijua vizuri kwamba kalibu, lile umbo la kutolea nakala, hupigwa juu ya sampuli yenyewe. Ukitaka nakala isiyo na kasoro, lazima kwanza uiondoe kasoro kwenye ya asili. Nilijua, mwenzangu. Sikufikiri tu.

Siku ya nane nilimpeleka Ofelia barabara ya Zhongshan, katikati ya mji, ambako kulikuwa na uzio wa mabati na maneno mengi. Ayi alituambia wamechimba wakakuta bustani ya mfalme wa zamani sana, na mfereji wa mawe unaopindapinda. Palikuwa na upenyo kati ya bati na bati, na watu wakipokezana kuchungulia. Ilipofika zamu yetu nikaona vijana wamechuchumaa na vijibrashi kama vya kupakia kucha rangi, wanafagia jiwe. Mwingine alikuwa anatia udongo kwenye mfuko mdogo wa nailoni, anaandika lebo, anaufunga. Mfuko baada ya mfuko. Nikacheka, “Wachina hawa! Hata udongo wanaupeleka sokoni!” Nikageuka nione kama Ofelia anacheka. Macho yake hayakubanduka kwenye ile mifuko. Akanivuta pembeni, kwa muuza miwa, akanieleza kila kitu kwa mara ya kwanza.

Yule mwanamke hakufinyangwa na mtu wa kwao wa zamani kidogo. Alitoka ardhini, Tamtoc kwenyewe. Mama yake alimkuta kwenye shimo la jembe, pembeni mwa kilima, akakaa naye nyumbani miaka thelathini. Kila msimu wa kupanda alimtia punje moja ya hindi mdomoni, akamsemesha, kisha ndiyo watu wanakwenda shamba. Sasa wachimbaji walikuwa wameanza kazi kule, na mtaalamu mmoja alipita nyumba kwa nyumba akiwaomba wanakijiji: mwenye kitu arudishe, hatakamatwa, hatatozwa, ila aseme alikitoa wapi na asikioshe. Udongo uliomkaa, alisema, ndio utakaotuambia alikuwa wapi na nani. Ofelia aliamua kumrudisha. Mama alikuwa amekufa mwaka uliopita. Lakini nyumba bila yule mwanamke hakuiweza, akataka abaki na nakala, na kwao hakumwamini mtu. Kumtoa nje ya nchi ni jela, ndiyo maana alinidanganya. “Amekaa na punje ya mwisho ya mama,” akasema. “Sijamgusa mdomo tangu mama alipoiweka, namsemesha tu alfajiri. Atarudi kwao alivyo.” Nikamrudishia muuzaji kikombe cha maji ya miwa kikiwa bado kimejaa. Nikamwambia, dada, twende Foshan. Akauliza sasa hivi? Nikamwambia sasa hivi.

Tulichelewa kwa siku sita, maana kazi ya kumsugua ilikwisha siku ya pili tu. Bwana Huang alitupokea kwa tabasamu la mtu aliyefanya kazi yake vizuri, akamtoa rafuni. Alikuwa amesuguliwa akawa wa rangi moja, kama biskuti. Ufa umezibwa. Kidole kimeongezwa. Masikio masafi. Mistari ya lami hakuna. Na mdomo ulikuwa umefungwa kwa udongo laini, umepakwa rangi ukalingana na uso, ukitazama huwezi kujua kwamba uliwahi kuwa wazi. Hata furaha kidogo alikuwa amewekewa kwenye mashavu. Ofelia alimchukua, akapitisha kidole juu ya mdomo ule, mara moja, mara mbili, halafu akanigeukia. “Nani alimwambia afunge?” Karani akafasiri kabla sijajibu, laoban akanyoosha mkono kwa adabu zote, akanionyesha mimi.

Siku nne hakuzungumza nami. Jikoni alipika peke yake, akala chumbani, akaosha ile sufuria yangu iliyotengwa akaiweka mlangoni kwangu. Hilo liliniuma kuliko matusi. Alfajiri nyuma ya ubao palikuwa kimya kabisa. Nilijaribu kuomba msamaha mlangoni, akaniambia bila kufungua, “Udongo nitawaeleza, wanipige kelele wakitaka. Lakini punje ya mama umeitupa, Zuhura. Umeitupa kama takataka.” Niliamini kweli nimeitupa. Ndivyo kiburi kinavyofanya kazi: nilikumbuka jinsi nilivyoicheka ile punje, sikukumbuka nilivyoifanya.

Papa Kalenga ndiye aliyenizindua, naye hakukusudia. Tulikuwa tunakula mchicha wa Ayi, wawili tu, meza imepooza. Akafuta mdomo, akauliza kwa upole wa mwalimu, “Zuhura, ile papier yako ya kukosoa watu, uliandikaka nini juu yake?” Nikaanza kumtajia, kwa aibu, namba moja, namba mbili. Nilipofika ya sita nikasema udongo wa masikioni, niliubandika. Ya saba... Niliinuka nikakipiga kiti teke. “Niliibandika! Papa Kalenga, punje niliibandika!” Akaniuliza nini, nilikuwa niko kwenye ngazi tayari, kiatu kimoja mkononi.

Karatasi ilikuwa imetundikwa kwenye msumari juu ya meza ya Bwana Huang, imechafuka alama za vidole. Niliiona kutoka mlangoni. Gamba jeusi lipo. Udongo, kifungu kama cha ugoro, upo chini ya selotepu. Punje ipo, ya rangi ya chungwa iliyokolea, pembeni ya namba saba. Nikamwomba. Akakataa. Karani akafasiri kwamba laoban anasema karatasi hii ndiyo kinga yake: kesho nikikataa mzigo ataonyesha nini? Mimi nilikuwa na sifa mji mzima ya kukataa mizigo, na ilinifika hapo hapo. Nikamwambia sikatai. Akasema basi weka sahihi kwamba umekagua katoni nzima na hukuona kasoro. Katoni ilikuwa haijafunguliwa. Sijawahi kabla ya siku ile, wala baada yake, kuweka sahihi kwenye kitu nisichokiona. Niliweka. Nikaitoa karatasi kwenye msumari kwa mikono miwili, nikasafiri nayo kwenye basi nimeiegemeza kifuani kama Ofelia na mkoba wake, abiria wananitazama.

Alifungua mlango kwa sababu niliipitisha karatasi chini yake. Nikasikia ile lugha ya alfajiri, neno moja moja, halafu mlango. Alikuwa amekaa sakafuni. Kidole chake kilikuwa juu ya selotepu, juu ya punje, hakiibandui. Nikaketi karibu naye. Akaanza kusoma, kwa mara ya kwanza, kutoka juu. Akauliza hiki ni nini, nikamwambia ufa, nimeupima, huu ndio urefu wake na hapa unapinda. Na hiki? Mistari ya lami, mitano upande huu, minne upande huu, niliichora yote nione ipi imekwaruzika zaidi. Akasoma mpaka tisa. “Uso hauna furaha,” akasema, akacheka kwa pua, machozi yanamtoka. “Umemwona vizuri kuliko sisi.” Nikamwambia dada, nisamehe. Akasema bado. Lakini jioni ile sufuria yangu ilirudi jikoni.

Katoni ilipofika tulikuta nakala arobaini na nane, safi, hazina hata chembe. Ofelia alichukua moja. Akaenda nayo kwenye kibaraza, akachukua pini yangu, akaanza kuchokoa mdomo wake, taratibu, mpaka pakapatikana nafasi, akaibandua punje ya mama yake kutoka kwenye karatasi akaiweka humo. Mimi nilisimama nikiona kazi nzuri inaharibiwa, na moyo wa ukaguzi haukutulia. Akaniambia chukua na wewe moja, uifungue. Nikachukua moja. Kuifungua nikakataa. “Yangu naiacha hivi hivi isiyo na kasoro,” nikasema, nusu mzaha, na alinitazama akaacha. Zilizobaki Ayi alizigawa mtaa mzima. Ukipita Xiaobei mwaka ule ungeona mwanamke wa Kiwasteki kwenye dirisha la kinyozi, amezuia pazia. Mwezi wa kumi Ofelia aliondoka, mkoba mmoja mgongoni, mwingine kifuani, karatasi yangu ndani yake. Tuliandikiana mara chache, halafu watu wanahama, anwani zinapotea.

Binti yake anaeleza yaliyofuata. Yule mtaalamu alipomwona mwanamke aliyesuguliwa alikasirika, akamwita Ofelia majina mabaya. Kisha akapewa karatasi. Akaiinamia muda mrefu sana. Udongo wa namba sita waliutoa kwenye selotepu kwa kibano wakautia kwenye kichupa chenye lebo, na ndio uliowaonyesha kilima alikotoka. Walimvua vile vilivyoongezwa, kidole na udongo wa begani, na mdomo walikaa nao siku nyingi kwa sindano, wakifuata mchoro wangu. Miaka kadhaa baadaye, pale pale Tamtoc, penye maji, walikuta jiwe kubwa sana la kuchongwa lenye wanawake juu yake, na watu wa mbali wakaanza kuja. Lakini Ofelia, anasema binti, kila mgeni alimwelekeza kwanza kwa mwanamke mdogo wa udongo, kwenye kabati la makumbusho. Kwenye picha nimemwona. Macho hayalingani, kofia imeinama, mdomo uko wazi. Ile punje Ofelia alizikwa nayo mkononi, ndivyo alivyotaka.

Mimi sanamu sisimamishi nyumbani kwangu, kila anayenijua anajua. Lakini ndani ya sanduku langu la sampuli, chini ya kanga kuukuu, yumo yule wangu, hana kasoro, miaka yote hii. Jana baada ya adhuhuri nilimtoa nikamweka mezani. Nikavaa miwani. Nikatafuta pini, nikaanza pale midomo inapokutana. Udongo wa Bwana Huang ni mgumu, ilinichukua mpaka alasiri, na mkono wangu siku hizi unatetemeka, kwa hiyo mdomo umekwenda upande. Punje sikuweka, hiyo ni ya kwao. Nilimfungua tu. Vumbi lililotoka nililikusanya kwa kidole, nikavuta karatasi, nikaandika namba saba, nikalibandika kwa selotepu.